LAMU: MJI MDOGO UNAOITA WATU





Kila shule zinapokaribia kufungwa huja swali lile lile majumbani mwetu: safari hii watoto tuwapeleke wapi? Lipo na swali la pili, nalo huulizwa kwa sauti ya chini zaidi, hasa na vijana waliomaliza masomo: je, kweli mtu anaweza kukaa katika mji mdogo, akapata riziki yake, akalea wanawe, na asijute? Sisi tunaoishi Buyenzi, Nyamirambo au mitaa ya Kampala tumezoea kuona kwamba maisha yako jijini, na kwamba mji mdogo ni mahali pa kutoka, si mahali pa kwenda.

Leo tumeona tusijibu kwa nasaha tupu. Tumechagua historia ya mji mmoja, mji wa Lamu, kwa sababu umeyaonja yote matatu. Watu wameishi hapo kwa karne nyingi, wamefanya kazi hapo, na wageni wameufuata kwa mapumziko. Na katika miaka yetu hii mambo hayo matatu yameanza kusukumana. Atakayeisoma habari ya Lamu huenda akaujua vizuri zaidi mji mdogo wa babu yake mwenyewe.

MJI ULIKOTOKA

Lamu ni kisiwa katika pwani ya kaskazini ya Kenya, si mbali na mpaka wa Somalia. Wenyewe huuita Amu, na lugha yao ni Kiamu. Mji umeelekea mkondo wa bahari unaokitenga kisiwa hicho na kisiwa cha Manda. Katika sensa ya mwaka 2019 mji ulikuwa na watu karibu 25,000. Kwa hesabu ya miji yetu mikubwa, hao ni watu wa mtaa mmoja au miwili tu.

Lakini udogo wake haukuwa uchanga. Msikiti wa Pwani, ulio karibu na ngome, hutajwa kuwa ulijengwa mwaka 1370. Mwaka 1441 mwandishi mmoja Mwarabu alikutana mjini Makka na kadhi aliyetoka Lamu. Hebu tulifikirie jambo hilo. Wareno walikuwa bado hawajaijua bahari hii, na mji huu mdogo tayari ulikuwa na kadhi wake, naye amevuka bahari kufika Makka.

Wareno walipokuja na merikebu zao mwaka 1506, Lamu ilikubali kulipa kodi bila kupigana. Katika karne ya 17 Waomani walisaidia kuuvunja utawala wa Wareno pwani, na baada ya hapo, hasa katika karne ya 18, Lamu ikapata neema yake. Ndipo zilipojengwa nyumba nyingi za mawe zinazosifiwa hadi leo. Mnamo mwaka 1812 au 1813 majeshi ya Pate na Mazrui wa Mombasa yalitua Shela, upande wa kusini wa kisiwa, yakashindwa. Watu wa Lamu, wakihofia kisasi, waliomba ulinzi wa Sayyid Said wa Oman. Ngome kubwa iliyo katikati ya mji ilikamilika mwaka 1821.

Hatutawaficha watoto wetu upande wa pili wa neema hiyo. Utajiri wa Lamu ya zamani ulisimama juu ya migongo ya watumwa waliolima mashamba ya bara, ng'ambo ya kisiwa. Utumwa ulifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Wakati huo reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 ilikuwa imekwisha kufika Ziwa Viktoria, na biashara ikaifuata reli. Lamu ikabaki pembeni, fedha zikapungua.

Hapa pana jambo la ajabu. Upungufu huo ndio uliouhifadhi mji. Mombasa na Zanzibar zilijengwa upya hapa na pale, lakini Lamu haikuwa na fedha za kubomoa. Nyumba zikabaki, vichochoro vikabaki, na desturi za kukaa pamoja zikabaki. Mwaka 2001 UNESCO iliuandika mji wa kale wa Lamu katika orodha ya Urithi wa Dunia.

KUISHI: NYUMBA INAYOFUNZA ADABU

Wengi huuliza: mji huo una nini cha kuvutia hivyo? Jibu la kwanza liko kwenye nyumba.

Nyumba ya kale ya Lamu hujengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari yake hubebwa na boriti za mikoko. Boriti haina urefu wa kuvuka ukumbi mpana, na kwa hiyo vyumba vikawa virefu na vyembamba. Mlangoni pana daka, yaani kibaraza chenye viti vya mawe kila upande. Mgeni wa kiume huketi hapo, akanywa kahawa na kuzungumza na mwenye nyumba, na wa ndani wasisumbuliwe. Ukiingia, njia hupinda kwanza kabla ya kufika kiwanda, uwanja mdogo ulio wazi juu unaoingiza mwanga na hewa. Aliye nje hata mlango ukiwa wazi haoni ndani. Nyumba nyingine huunganishwa kwa wikio, chumba kinachopita juu ya kichochoro, na wanawake wakaweza kutembeleana bila kushuka njiani. Katika birika la maji huwekwa visamaki vidogo vinavyokula viluwiluwi vya mbu.

Tazameni jinsi stara, ukarimu na afya vilivyotiwa ndani ya ukuta. Hakuna aliyehitaji kubandika tangazo la adabu mlangoni. Nyumba yenyewe ilimfunza mtoto wapi pa mgeni na wapi pa mama yake.

Jibu la pili liko kwenye njia. Vichochoro vya mji wa kale ni vyembamba, vya kutosha watu na punda mwenye mzigo. Ni kweli kwamba pikipiki zimeingia kisiwani miaka ya karibuni, lakini bado punda ndiye mbebaji wa mji, na tangu mwaka 1987 wana zahanati yao. Mahali ambapo watu hutembea kwa miguu, watu husalimiana. Mtoto akifanya utundu upande wa Mkomani, habari hufika kwao Langoni kabla yake. Wazee wetu walisema mkono mmoja haulei mwana, na katika mji wa namna hii mikono ni mingi.

Tuseme na ubaya wake, tusije tukaonekana tunapamba. Mji unaokujua ndio mji unaokuchungulia. Kijana aliyekosea akiwa na miaka 15 huenda akakumbushwa akiwa na 40. Na Lamu ya zamani ilijua sana kumpima mtu kwa nasaba yake. Mkomani palikuwa pa wenye nyumba za mawe, na Langoni pakawa pa wageni, mafundi, wavuvi na waliokuwa watumwa, katika nyumba za udongo na makuti. Kukaa karibu hakukuwafanya watu kuwa sawa.

MGENI ALIYEUBADILISHA MJI

Aliyeligusa jambo hilo alikuwa mgeni. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 alifika Lamu kijana kutoka Ngazija, Habib Swaleh bin Alwi Jamalullail, ambaye jamaa zake walikuwa na uhusiano na mji huo. Angeweza kukaa na wakubwa, kwani nasaba yake ilimruhusu. Yeye alikwenda kukaa Langoni. Akawasomesha wale ambao hawakuwa na nafasi katika darasa za wakubwa, wakiwemo waliotoka utumwani na wazao wao. Alijulikana pia kwa kutibu. Baadhi ya wenyeji hawakupendezwa, lakini wanafunzi walizidi kuja.

Kutokana na darasa hilo ukatokea msikiti na chuo cha Riyadha, mwishoni mwa karne ya 19. Wanafunzi walikuja kutoka pwani yote, kisha kutoka Tanzania, Uganda, Kongo na Visiwa vya Ngazija, wakarudi makwao kuwa walimu. Mji ambao reli iliukwepa ukawa mji wa kufuatwa kwa elimu.

Habib Swaleh alifariki miaka ya 1930, na kila mwaka, katika Mfungo Sita, wageni hukusanyika Lamu kwa Maulidi. Tunajua kwamba miongoni mwa wasomaji wetu wapo wanaosoma Maulidi na wapo wasiosoma, na makala hii si mahali pa mjadala huo. Tunachotaka kukionyesha ni jinsi mji unavyowapokea watu. Siku hizo nyumba hujaa jamaa na wageni, mikeka hutandikwa hadi kwenye viambaza, sinia huliwa na watu ambao jana hawakujuana, na nje kuna mashindano ya punda na ya mashua.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo tumeizoea mpaka hatuisikii tena. Lamu inatukumbusha maana yake. Mwenyeji hupona ikiwa mgeni amekuja na kitu cha kuwapa watu, na amekubali kukaa nao kama jirani.

KAZI: SIKU YA TATU MPE JEMBE

Lakini kuna methali nyingine: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mji hauishi kwa uzuri. Watu wa Lamu wamekula nini miaka yote hiyo?

Kwa muda mrefu jibu lilikuwa mikoko. Boriti zilikatwa katika mikoko ya visiwa na ya bara, zikapakiwa majahazini, zikapelekwa Uarabuni na Ghuba, ambako miti ya kujengea ilikuwa adimu. Majahazi yalikuja na upepo wa kaskazi na kurudi na kusi. Mwaka 1982 serikali ya Kenya ilipiga marufuku usafirishaji wa mikoko nje ya nchi. Misitu ilihitaji kupumzika, lakini nyumba nyingi zilipoteza chakula chao.

Kazi nyingine zilibaki. Kijiji cha Matondoni, upande wa magharibi wa kisiwa, bado kinatajwa kwa kuunda mashua na majahazi. Wavuvi hutoka usiku na kurudi alfajiri. Wapo wanaoshona kofia za vito, kazi ya tundu moja moja inayoweza kuchukua wiki nyingi kwa kofia moja. Wapo wachongaji wa milango. Baada ya mwaka 2001 mafundi wa chokaa na mawe walipata kazi ya kuzitengeneza nyumba za kale, na ujuzi uliokaribia kufa na wazee ukarudi kwa vijana.

Tumkumbuke mmoja wao kwa jina. Muhamadi Kijumwa, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mtu wa Lamu. Alikuwa mchongaji, mshairi na mwandishi mwenye hati nzuri sana. Wataalamu wa Ulaya walipotaka kuzisoma tenzi za Kiswahili, walimwendea yeye awanakilie kwa hati za Kiarabu. Miswada iliyoandikwa kwa mkono wake leo imehifadhiwa London na Ujerumani, na kwa njia hiyo sehemu kubwa ya fasihi yetu haikupotea. Hakuhitaji kuhamia jiji kubwa. Alikaa katika mji wake, akaifanya kazi yake vizuri, na dunia ikamfuata.

Vijana wetu wanaosema mji mdogo hauna kazi wana haki kwa upande mmoja. Ajira za ofisini ni chache huko, na wengi wa vijana wa Lamu wenyewe huenda Mombasa, Nairobi na Ghuba. Lakini historia inaonyesha kwamba mji mdogo humlisha mtu mwenye ujuzi mkononi, na mara nyingi ujuzi zaidi ya mmoja. Mtu huyo huyo huvua msimu mmoja, hupaka chokaa msimu mwingine, na jioni husomesha watoto. Asiyejua kufanya chochote, mji mdogo utamtesa. Jiji nalo litamtesa, ila huko hakuna atakayemwona.

KUPUMZIKA: WAGENI WA AINA NYINGINE

Mwaka 1967 hoteli ya Peponi ilifunguliwa Shela. Miaka iliyofuata vijana wa Ulaya na Marekani wenye nywele ndefu na mabegi mgongoni waliigundua Lamu, wakausifia utulivu wake. Baada yao walikuja watalii wenye fedha. Mji ulipata kipato: manahodha, wapishi, waongozaji, wenye nyumba za kupangisha. Hatuwezi kulikanusha hilo.

Kisha wageni wakaanza kununua. Nyumba za kale, hasa Shela, zilipita mikononi mwa watu wa mbali wanaokuja majuma machache kwa mwaka. Mwenye nyumba aliyeuza hakufanya kosa la ajabu. Nyumba ya mawe ina gharama, warithi ni wengi, kila mmoja ana shida yake, na bei iliyotajwa ni kubwa. Lakini nyumba iliyofungwa miezi kumi haina mtu kwenye daka lake. Haina mtoto wa kumtuma kwa jirani. Haipeleki sahani ya futari nyumba ya pili. Ukuta unapakwa chokaa vizuri kuliko zamani, na mtaa unanyamaza.

Kutegemea wageni wa msimu kuna hatari nyingine. Septemba na Oktoba 2011 wageni wa Ulaya walitekwa nyara katika eneo la Lamu, na hoteli zikakaa tupu. Juni 2014 watu zaidi ya 60 waliuawa katika mashambulizi ya Mpeketoni na vijiji vya jirani, upande wa bara. Iliyofuata ilikuwa amri ya kutotoka usiku. Mvuvi anayevua usiku akakaa nyumbani. Watu wa mji huo, ambao hawakuhusika na damu ile, walipoteza mtalii na samaki kwa pamoja.

Halafu kuna bandari. Mwaka 2012 marais Kibaki wa Kenya na Salva Kiir wa Sudan Kusini, pamoja na waziri mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia, walizindua mradi wa bandari kubwa ng'ambo ya kisiwa. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walioathirika walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Juni 2019, baada ya wananchi kulalamika, Mahakama ya Taifa ya Mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa kujengwa karibu na hapo. Mei 2021 gati la kwanza la bandari lilifunguliwa. Wapo wenyeji wanaotumaini kazi za bandari, na wapo wanaohofia bahari yao. Wote wawili tunawaelewa. Mzazi anataka mwanawe apate kazi, na anataka pia abaki na mahali pa kurudi.

KWA FAMILIA ZINAZOTAKA KWENDA

Njia ya kawaida ni basi kutoka Mombasa kupitia Malindi na Garsen hadi gati la Mokowe, kisha boti. Wenye uwezo huruka hadi uwanja wa ndege ulio Manda, nao pia humalizia kwa boti. Ulizeni kwanza habari za usalama wa barabara. Mkienda wakati wa Maulidi, tafuteni nafasi mapema.

Mkifika, kaeni katika nyumba ya mwenyeji ikiwezekana. Vaeni kama mnavyopenda mgeni avae kwenu. Msimpige mtu picha kabla ya kumwomba. Kofia inunueni kwa aliyeishona, wala msimpunguzie bei mpaka akaona haya. Wapeni watoto daftari, waandike majina ya sehemu za nyumba: daka, kiwanda, msana, zidaka, wikio. Waulizeni wazee nani alikaa nyumba ile iliyofungwa. Ngome pia waingie, na waelezwe kwamba ilikuwa jela kwa miaka mingi, tangu mwaka 1910 hadi 1984, kabla ya kukabidhiwa makumbusho.

HITIMISHO

Ndugu zetu, historia hii imetuonyesha wageni wa aina mbili. Yuko aliyekuja akakaa na watu, akawapa alichonacho, na mji ukaongezeka. Na yuko aliyekuja akanunua kilichomvutia, na kwa kukinunua akakipunguza. Kinachotuvuta katika mji mdogo si mawe wala upepo wa bahari peke yake. Ni kule kujulikana, kwamba ukikosekana msikitini siku mbili kuna atakayekuja kubisha hodi. Kitu hicho hakiuzwi pamoja na nyumba.

Wengi wetu tuna mji mdogo wetu. Mwingine asili yake ni Ujiji, mwingine Rumonge, mwingine Kasongo. Huko kuna kiwanja cha babu, chumba kimoja chenye bati lililotoboka, na shangazi mzee anayeuliza kila Idi mnakuja lini. Sasa hivi, katika familia zaidi ya moja tunayoijua, warithi wanakaa kikao kuuza. Hatusemi kuuza ni haramu, na dhiki ya mtu anaijua mwenyewe. Tunaomba jambo moja tu: kabla ya kutia saini, likizo hii wapelekeni watoto wakalale huko japo wiki moja. Wasalimiane na majirani. Wamsikie shangazi akiwaita kwa majina ya babu zao. Kisha kaeni tena kikao, na hao watoto wawepo.

Wabillahi tawfiq.